Lugha ya Maelezo katika Maonyesho ya Sanaa: Mbarara, Nakivale na Historia ya Uratibu Nchini Uganda

Mwaka 2024 banda la Uganda katika Bienale ya Venice lilibeba jina lililoandikwa kwa lugha nne: Wan Acel kwa Kiluo, Tuli Bamu kwa Kiganda, Turibamwe kwa Kinyankole na Kikiga, kisha Kiingereza, yote yakimaanisha kwamba sisi ni wamoja. Kiswahili hakikuwamo. Jambo hilo laweza kuonekana dogo likitazamwa kutoka Venice. Likitazamwa kutoka Mbarara, na hasa kutoka Nakivale, linagusa kiini cha kazi ya mratibu wa maonyesho: ni nani anayetarajiwa kusimama mbele ya kazi ya sanaa na kuyaelewa maelezo yake.

Tangu mapema, uratibu nchini Uganda uliwaelekea watazamaji wa mbali. Margaret Trowell, mwanzilishi wa mafunzo ya sanaa Makerere, alipeleka kazi za wanafunzi wake London mwaka 1939. Kitabu alichokiandika pamoja na Klaus Wachsmann kuhusu ufundi wa Uganda, kilichotoka 1953, kinataja makabila katika jina lake, mafundi hawamo.

Kasoro hiyo imerekebishwa kwa kiasi kikubwa. Katika banda la kwanza la Uganda huko Venice, mwaka 2022, lililoratibiwa na Shaheen Merali na kutunukiwa sifa maalumu, Acaye Kerunen alionyesha kazi za nyuzi za mimea zilizofumwa pamoja na wanawake mafundi. Katika kazi hizo mazingira ndiyo malighafi yenyewe: kinamasi kikikauka, na ususi hukoma. Mwaka 2024 Kerunen akawa mratibu, na wasusi wakaingia bandani kama kundi la wasanii, sambamba na Sanaa Gateja, anayegeuza karatasi kuukuu kuwa shanga, na Odur Ronald, anayetengeneza pasipoti za alumini kuhoji ni nani mwenye ruhusa ya kusafiri. Malighafi imebadilika na mikono imetambuliwa. Maelezo ya ukutani, hata Kampala, kwa kawaida bado ni ya Kiingereza.

Nakivale inaupima uratibu huo. Makazi haya ya wakimbizi, katika Isingiro iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara, yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo yana watu zaidi ya 100,000, wengi wao Wakongomani, pamoja na Warundi, Wasomali na wengineo. Sokoni Kiswahili huwakutanisha. Ziwa Nakivale na vinamasi vyake, pamoja na Ziwa Mburo, viliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2006, ilhali kuni, maji na mashamba ya wakazi hutoka eneo hilohilo. Mwaka 1982 wasemaji wa Kinyarwanda walifukuzwa majumbani mwao katika eneo la Mbarara, wakasukumwa Nakivale, Oruchinga au hadi Rwanda. Watu hao wasingehitaji mkalimani wa neno turibamwe. Lakini wangelisoma kwa kumbukumbu ambayo mtazamaji wa Venice hana.

Kisheria, nafasi ipo. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukitumia rasmi. Mjadala umebaki zaidi darasani.

Hata hivyo, Kiswahili cha ukutani kinadai uamuzi mgumu kuliko tafsiri. Serikali husema makazi, neno linaloendana na sera ya kuwapa wakimbizi viwanja vya kulima na uhuru wa kutembea uliomo katika Sheria ya Wakimbizi ya 2006. Lakini kitovu cha utawala cha Nakivale chenyewe huitwa Base Camp, na kambi ni neno jepesi mdomoni. Mratibu akichagua moja, amekwisha kuchukua upande. Ardhioevu nayo, istilahi ya vitabuni, huenda ikamkwaza msomaji kutoka Kivu ambaye angekitambua kinamasi mara moja.

Kituo cha utamaduni cha Igongo, kilichoko Biharwe kwenye barabara ya Mbarara kwenda Masaka, tayari kina makumbusho ya historia ya eneo hili. Maonyesho ya namna hiyo yangeweza kuanzia hapo, rasimu ya maelezo ikisomwa kwa sauti sokoni Nakivale kabla haijachapwa.