Kutoka Chuma hadi Programu: Historia ya Kupandikiza Injini za Nozeli katika Magari ya Kabureta Nchini Marekani, 1932–2016

1.0 Utangulizi

Kutoa injini katika gari na kuweka nyingine ni desturi ya zamani, karibu sawa na umri wa gari lenyewe. Makala haya yanachunguza sura moja ya desturi hiyo, yaani upandikizaji wa injini mpya zenye mfumo wa nozeli katika magari yaliyoundwa enzi za kabureta. Eneo la uchunguzi ni Marekani, hususan jimbo la California. Jimbo hilo limeteuliwa kwa sababu mbili: ndiko utamaduni wa kuunda upya magari ulikokita mizizi mapema, na ndiko sheria za moshi wa magari zilikotangulia kutungwa.

Katika makala haya, mfumo wa nozeli una maana ya mfumo unaopuliza petroli kwa shinikizo kuelekea kila silinda, kiasi chake kikiamuliwa na kompyuta. Mafundi wengi huuita EFI. Kabureta, kwa upande wake, huchanganya petroli na hewa kwa nguvu ya mvuto wa hewa inayopita kooni mwake, pasipo kuhitaji kompyuta.

Masimulizi yaliyozoeleka hudai kwamba kompyuta ilimfungia fundi wa kawaida mlango wa gereji yake. Utafiti wa David N. Lucsko uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu biashara ya vipuri vya kuongeza mwendo unaishia mwaka 1990, hivyo miaka ambayo kompyuta ilitawala injini inabaki nje ya mipaka yake. Makala haya yanaijadili miaka hiyo na kutetea hoja tofauti na masimulizi hayo. Uwezo wa fundi haukupungua. Kilichobadilika ni maana ya neno injini. Hapo awali injini ilikuwa kipande cha chuma. Baadaye ikawa mfumo unaodhibitiwa na sheria ya hewa. Hatimaye ikawa pia programu yenye mwenye hakimiliki. Kila maana ilipopanuka, kazi ya kupandikiza ilipanuka pamoja nayo.

2.0 Injini kama chuma

Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilitoa gari la bei nafuu lenye injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, yenye ukubwa wa inchi za ujazo 221 na nguvu za farasi 65. Injini hiyo iligeuka kuwa malighafi ya vijana wa kusini mwa California waliokuwa wakishindana katika maziwa makavu ya jangwani. Mwaka 1949 Cadillac na Oldsmobile zilitoa injini mpya za V zenye vali juu ya silinda, na punde injini hizo zikaanza kuonekana ndani ya magari ya Ford. Mwaka 1955 Chevrolet ilitoa injini ya inchi za ujazo 265. Kwa kuwa ilikuwa ndogo kwa umbo, nyepesi, na iliyotengenezwa kwa wingi mno, injini hiyo na warithi wake ziliondoa zile za Ford katika nafasi ya kwanza.

Maswali yaliyomkabili fundi wa kipindi hicho yalikuwa ya vipimo. Vishikizo vya injini vichomelewe wapi? Gia boksi iunganishwe vipi? Propela shafti ikatwe kiasi gani? Injini yenyewe ilidai mambo machache: petroli kwa shinikizo dogo ambalo kwa kawaida halikufikia nusu baa, umeme wa plagi kupitia distributa, maji ya kupozea, kiungo cha akselereta na bomba la ekzosi. Haikuwa na haja ya kujua imewekwa katika gari gani.

Ni muhimu kutambua kwamba upulizaji wa mafuta haukuleta ugumu papo hapo. Mwaka 1957 Chevrolet ilitoa mfumo wa Ramjet, uliotengenezwa na Rochester, ambao ulifanya kazi kimakanika tu na kuiwezesha injini ya inchi za ujazo 283 kufikia nguvu za farasi 283. Katika miaka hiyohiyo kampuni ya Bendix ilibuni mfumo wa kielektroniki ulioitwa Electrojector, lakini haukutegemeka, na haki zake baadaye zikaenda kwa kampuni ya Bosch ya Ujerumani. Hivyo basi, chanzo cha mabadiliko makubwa hakiwezi kuwa nozeli peke yake. Inabidi kitafutwe kwingine.

3.0 Injini kama suala la hewa ya umma

Chanzo hicho kilikuwa ukungu wa moshi wa Los Angeles. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanakemia Arie Haagen-Smit alionesha kwamba mvuke wa petroli isiyoungua na oksidi za naitrojeni huungana chini ya jua na kuzaa ozoni. Gari la mtu binafsi likawa suala la afya ya wote. California iliweka viwango vya moshi kwa magari ya toleo la 1966, ikaunda bodi yake ya rasilimali za hewa mwaka 1967, na mwaka 1970 serikali ya shirikisho ikapitisha marekebisho makubwa ya Sheria ya Hewa Safi.

Viwango hivyo ndivyo vilivyoirudisha elektroniki ndani ya injini. Mwaka 1967 Volkswagen iliingiza Marekani gari la 1600 lenye mfumo wa D-Jetronic wa Bosch. Miaka kumi baadaye, magari ya Volvo ya toleo la 1977 yaliyouzwa California yalikuja na sensa ya oksijeni katika ekzosi pamoja na kisafisha moshi kinachopunguza aina tatu za uchafu kwa wakati mmoja. Kisafisha moshi hicho hufanya kazi vizuri pale tu uwiano wa hewa na petroli unapokaa karibu sana na 14.7 kwa 1. Kabureta ya kawaida haiwezi kuushika uwiano huo kwa uthabiti. Kompyuta inayosoma sensa na kusahihisha mara kwa mara inaweza.

Swali la upandikizaji lilijibiwa na sheria kwa namna isiyotarajiwa. Waraka wa mamlaka ya mazingira ya shirikisho wa mwaka 1991 ulieleza kwamba gari lililobadilishwa injini lazima lilingane na muundo ulioidhinishwa wa toleo la mwaka uleule au mpya zaidi kuliko chasisi yake. California nayo, ambayo ilianza ukaguzi wa moshi wa mara kwa mara mwaka 1984, ilidai kwamba injini isiwe ya zamani kuliko gari, na kwamba iletwe pamoja na vifaa vyake vyote vya kudhibiti moshi. Gari la namna hiyo hupelekwa kwa mwamuzi maalumu wa serikali, ambaye huliwekea kibandiko kinachoonesha vifaa linavyopaswa kuwa navyo. Magari ya mwaka 1975 na kabla yake yamesamehewa ukaguzi huo wa kawaida.

Maana yake ni kwamba sheria haikukataza upandikizaji. Iliuelekeza upande mmoja. Mwenye lori dogo la mwaka 1978 aliyetaka injini ya mwaka 1999 aliruhusiwa, mradi alete pia visafisha moshi, sensa, kompyuta, na kopo la kunasa mvuke wa tanki. Kisheria, injini ilikuwa imeenea kutoka mfuniko wa tanki hadi mwisho wa ekzosi.

4.0 Injini kama programu

Mwaka 1997 Corvette mpya ilikuja na injini ya LS1 ya lita 5.7, yenye bloku ya alumini, nguvu za farasi 345, na koili moja kwa kila silinda badala ya distributa. Kuanzia mwaka 1999 jamaa zake wa bloku ya chuma waliwekwa katika malori madogo ya General Motors, wakatengenezwa kwa wingi, na hatimaye wakajaa katika yadi za magari chakavu. Kimakanika, injini hii haikuwa ngeni: sehemu kubwa ya mpangilio wa bolti za kuungia gia boksi ilibaki kama ulivyokuwa mwaka 1955. Fundi alibadilisha sampu ili isigongane na fremu, akatafuta vishikizo vipya, akaweka pampu yenye uwezo wa kutoa shinikizo la takriban baa nne. Haya yote yalikuwa maswali ya vipimo aliyoyazoea.

Ugumu mpya ulikuwa katika kompyuta. Tangu toleo la 1996, magari yote mapya ya abiria Marekani yalitakiwa kuwa na mfumo wa kujichunguza uitwao OBD-II. Kompyuta ilitazamia kukuta sensa zote za gari lake la asili. Zaidi ya hapo, General Motors ilikuwa na mfumo wa kuzuia wizi: kompyuta isipopata ishara sahihi kutoka katika gari, huzuia mafuta. Injini sasa ilitaka kujua imewekwa katika gari gani.

Mafundi walijifunza kusoma na kuandika upya programu hiyo. Hapa ndipo penye kiini cha mgogoro. Zana ileile inayoondoa kizuizi cha wizi ili injini iwake ndani ya gari jingine ndiyo inayoweza kuzima usimamizi wa sensa za moshi. Mlango wa mpandikizaji mwaminifu na mlango wa mchafuzi wa hewa ni mmoja.

Mgogoro huo ulifika mezani mwaka 2015, wakati Maktaba ya Bunge la Marekani ilipojadili iwapo sheria ya hakimiliki za kidijitali ya mwaka 1998 inamzuia mwenye gari kugusa programu ya gari lake. Watengenezaji wa magari walipinga msamaha. Mamlaka ya mazingira nayo iliandika barua mwezi Julai kuupinga, ikihofia uchafuzi. Mwezi Septemba ikafichuka kwamba Volkswagen yenyewe ilikuwa imeficha katika programu zake za dizeli hila ya kudanganya vipimo vya moshi. Mwezi Oktoba msamaha ulitolewa kwa ukarabati, uchunguzi na marekebisho halali, ukaanza kutumika mwaka uliofuata. Sheria za moshi zilibaki na nguvu zake zote.

5.0 Mjadala

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Wapo waliong'oa nozeli za injini ya LS na kuiwekea kabureta pamoja na kisanduku cha kielektroniki cha kuongoza koili. Je, hilo halithibitishi kwamba injini imebaki kuwa chuma? Linathibitisha kinyume chake. Hata waliokimbia kompyuta ya kiwanda walilazimika kununua nyingine ndogo, na kwa kuondoa vifaa vya moshi walijitoa katika kundi la magari yanayokubalika kukaguliwa. Upande wa pili, Chevrolet ilianza kuuza seti za E-ROD zenye injini, kompyuta, sensa na visafisha moshi kwa pamoja, zilizoidhinishwa na bodi ya California kwa ajili ya magari ya zamani. Soko lenyewe lilikubali kwamba kinachouzwa ni mfumo mzima.

Ulinganisho mfupi unasaidia. Katika Tanzania na Kenya, kadi ya gari hutaja namba ya injini kando ya namba ya chasisi. Utaratibu huo huitambua injini kwa namba iliyopigwa kwenye bloku. Kibandiko cha mwamuzi wa California huitambua kwa vifaa vinavyoisimamia. Ni fasili mbili za kitu kimoja, na kila moja inalinda jambo lake: ya kwanza mali, ya pili hewa.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba mabadiliko ya upandikizaji hayakuletwa na nozeli kwa kuwa ni nozeli, bali na madai ya umma juu ya hewa, kisha madai ya watengenezaji juu ya programu. Kati ya madai hayo mawili, la kwanza lilimwachia fundi njia ya kupita na hata kumsukuma kwenye injini safi zaidi. La pili lilihitaji msamaha wa kisheria ili mwenye gari aruhusiwe kugusa alichokinunua. Kwa hiyo, mtafiti anayetaka kujua mustakabali wa gereji ndogo hatatosheka na kuuliza kama mafundi wanaweza kujifunza kompyuta. Historia imekwisha kulijibu swali hilo. Swali lililobaki ni nani anayemiliki sehemu ya injini isiyoonekana kwa macho, na kwa masharti gani.