Mapengo Mawili

Msafiri atokaye Iringa kwenda Njombe hufika Makambako asijue ya kuwa amevuka mpaka wa kale. Nyuma yake Udzungwa imekoma. Mbele yake yaanza milima ya kusini, Kipengere, Livingstone na Rungwe. Nchi kavu iliyo katikati huitwa na wataalamu Pengo la Makambako, kwa kuwa viumbe wengi wa misituni hawakuivuka.

Kipunji, hata hivyo, yuko pande zote mbili. Wanyakyusa walimjua nyani huyo kwa jina lake kabla wataalamu hawajamwona Rungwe mwaka 2003, kisha Ndundulu, katika Udzungwa, mwaka 2004. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2008 ilikisia kipunji 1,117 tu. Ndugu hao wametengana tangu zama ambazo hapakuwa na shoka, wala hapana mpango wa mwanadamu utakaowakutanisha.

Bujingijila ni habari nyingine. Ukanda huo mwembamba kati ya Rungwe na Livingstone ulivuliwa miti na watu. Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, Rungwe hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Ramani ikapendeza, lakini kipunji hupita juu ya miti, na mahali pasipo miti kwake ni ukuta. Kanuni za mwaka 2018 zilitoa njia ya kutambua shoroba kisheria. Sheria yaweza kutenga ardhi; kivuli chahitaji miaka, na ridhaa ya mwenye shamba.