Kauli za Tippu Tip na Vijana wa Ikola

Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa lakabu ya Tippu Tip, alifariki Unguja mwaka 1905. Miaka michache kabla ya hapo, Mjerumani Heinrich Brode alikwisha kuichapisha tawasifu yake, Maisha, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Ni miongoni mwa tawasifu za awali kabisa za lugha yetu, na nathari yake ina nguvu: sentensi fupi, hesabu za biashara, majigambo yasiyojificha. Basi haishangazi ikimvutia kijana anayetafuta kauli ya kuandika chini ya picha yake katika kitabu cha mahafali. Je, inafaa achukue maneno ya mfanyabiashara wa pembe na watumwa?

Swali hilo lina uzito wake Ikola, mkoani Katavi, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Jirani yake ni Karema, kituo kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Huko Karema aliishi Adrien Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utotoni na kuuzwa, akakombolewa na mapadri, akasomea utabibu Malta, kisha akawatibu watu wa pwani ile ya ziwa kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Naye aliacha tawasifu.

Vitabu hivi viwili vyafaa kusomwa pamoja. Katika Maisha, pembe hupimwa kwa frasila, ilhali wengi wa waliozibeba hawana majina. Kwa Atiman, mmoja wa wale wasio na majina anasema. Hata lakabu yenyewe, kwa maelezo ya Murjebi, ilitokana na mlio wa bunduki zake masikioni mwa waliokuwa wakishambuliwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

Kuyafungia maneno yake ni kuupoteza ushahidi alioutoa kwa ulimi wake mwenyewe. Lakini nukuu ina mahali pake. Ndani ya insha huulizwa nani kasema, na nani kaumizwa. Hapo ni ushahidi. Chini ya picha husimama peke yake, na msomaji huipokea kuwa ni heshima. Kijana wa Ikola amnukuu Tippu Tip darasani. Kwenye kitabu cha mahafali, jirani yake wa Karema anastahiki zaidi.