Santuri ya Bibi Haijafa, Badilisha Sindano Kwanza!

Siku hizi santuri imekuwa pambo la sebuleni, inaning'inizwa ukutani watu wapige picha. Kumbe mchezo wote uko kwenye kitu kidogo kuliko punje ya mchele: ncha ya sindano.

Turudi mwaka 1928. Mwanamke mmoja wa Unguja, aliyewahi kutembeza vyungu mtaani, alisafiri na wenzake mpaka Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Santuri za enzi hizo zilikuwa za shelaki, gundi ya wadudu iliyochanganywa na unga wa mawe, na zilizunguka mara 78 kwa dakika. Upande mmoja ulicheza dakika tatu hivi, basi.

Gramafoni yenyewe haikutaka umeme. Unazungusha mkono, sindano ya chuma inakandamiza sahani kwa uzito unaozidi gramu 100. Sindano ilitakiwa kubadilishwa kila baada ya upande mmoja, maana ule unga wa mawe ulikuwa unaisaga. Aliyebana matumizi akarudia ileile, alikuwa anakwangua wimbo wake mwenyewe.

Mwaka 1948 Columbia ya Marekani ikaleta LP ya vinili. Mwaka uliofuata RCA Victor wakajibu na ile ndogo ya mizunguko 45. Mifereji ikawa myembamba: sindano ya 78 ina ncha ya milimita 0.076 hivi, ya LP 0.025 tu. Theluthi moja! Ilipofika 1958, stirio ikaingia sokoni. Sasa sindano haichezi kushoto na kulia peke yake, inapanda na kushuka pia.

Hapo ndipo katriji ilipopata heshima. Hicho ndicho kichwa kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko kuwa umeme. Kuna za sumaku inayocheza karibu na koili, na kuna ambazo koili zenyewe ndizo zinacheza. Nyingi za sasa zinakandamiza gramu 2 hivi tu.

Tatizo linaanzia hapa. Kijana anarithi santuri za 78, anaziweka kwenye pleya mpya yenye sindano ya LP. Ile ncha nyembamba inazama mpaka chini ya mfereji, inazoa vumbi na makwaruzo. Anasikia kelele kama mtu anakaanga samaki, anasema "hii mbovu," anatupa. Angeweka sindano ya 78, ncha ingekaa kwenye kuta za mfereji, kwenye wimbo wenyewe, na sauti ingetoka. Ila usigeuze: ya 78 ukiiweka kwenye LP, unaichana.

Na zile 45 za muziki wa dansi wa miaka ya 60? Nyingi ni mono. Katriji ya mono inasikiliza mwendo wa kushoto na kulia tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya mikwaruzo inapotea, mwimbaji anabaki.

Hili si suala la ushamba wala ushua. Kuna nyimbo ambazo hazipo YouTube, huzipati kwa bando lolote. Nakala iliyobaki iko chini ya kitanda cha mtu, na ikitupwa, imeenda mazima.

Kwenu zipo? Nani alikuwa anazipiga?