Kuragura, Kuagua, Mganga: Historia ya Maneno ya Ramli na Tiba kutoka Gitambi, Rusizi

Katika vilima vya Gitambi, juu ya bonde la Bugarama, maneno mawili ya Kinyarwanda yanawatenganisha watu ambao zamani kazi zao zilikuwa jirani. Muganga ni daktari au muuguzi wa kituo cha afya. Umupfumu ni mwaguzi, anayeendewa na mtu anayetaka kuraguza, yaani kuuliza lililofichika. Kiswahili sanifu hakijauweka mpaka huo: mganga ni yule wa hospitali, na mganga ni yule wa hirizi na kibuyu. Hoja ya makala haya ni kwamba tofauti hiyo ina historia, na kwamba anayetunga ujumbe wa afya kwa Kiswahili katika eneo hili bila kuijua anaweza kusema kinyume cha anachokusudia.

Tuanze na kuraguza kwenyewe. Mgonjwa, na mara nyingi jamaa yake, hakwenda kwa umupfumu kutafuta dawa kwanza, alitafuta sababu. Vyombo vilikuwa vingi: inzuzi, ambazo jina lake katika lugha ya kila siku ni mbegu za maboga, mafuta ya mnyama yaitwayo urugimbu, matumbo ya kifaranga cha kuku. Jibu jema lilisemwa kuwa limekuwa jeupe, kwa kitenzi kwera. Jibu baya lilidai kazi zaidi. Huenda umuzimu wa mzee aliyekufa alikasirika, basi familia ikatakiwa kumtolea sadaka, jambo liitwalo guterekera. Huenda kulikuwa na uburozi, neno linalobeba sumu na uchawi kwa pamoja. Au maradhi yalikuwa ya mwili tu, na hapo mgonjwa alielekezwa kwa umuvuzi mwenye kujua mitishamba. Padri Arnoux wa Wamisionari wa Afrika aliandika kwa kirefu juu ya uaguzi wa Rwanda katika jarida la Anthropos wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na msomaji wa leo huona mara moja kwamba alikuwa akieleza utaratibu wa maamuzi. Kuuita upuuzi ni kutousoma.

Kitenzi kuragura si cha Rwanda peke yake. Waganda husema kulagula, kwa maana ya kubashiri na pia ya kutibu. Kiswahili, kilichozoea kudondosha konsonanti hiyo ya kale, kina kuagua, nacho kina maana zote mbili: kutabiri, na kumwondolea mtu maradhi au uchawi. Wanaisimu huyarudisha maneno haya kwenye shina la Kibantu la kale linaloandikwa *-dagud-. David Schoenbrun, katika kitabu chake cha 1998 juu ya historia ya Maziwa Makuu, ameonyesha jinsi msamiati wa namna hii unavyoweza kusomwa kama kumbukumbu mahali ambapo hakuna maandishi. Kwa hiyo msemaji wa pwani na msemaji wa Rusizi walirithi wazo moja: kujua sababu ya ugonjwa ni sehemu ya kuuponya.

Kwamba maandishi hayapo si jambo dogo, na mfano wa mbali utasaidia. Katika mahekalu ya Kichina, kama lile la Wong Tai Sin huko Hong Kong, mwenye shida hutikisa chombo cha mianzi chenye vijiti 100 vyenye namba hadi kimoja kianguke. Namba hiyo humpeleka kwenye shairi lililochapwa, pamoja na ufafanuzi kuhusu ugonjwa, ndoa au safari. Baadhi ya mahekalu yalikuwa pia na vijiti vya dawa, ambavyo kila namba yake ilitoa orodha ya mitishamba. Ramli ya pwani yetu, inayotokana na neno la Kiarabu la mchanga, iko katikati: ina maumbo 16 na vitabu vyake, lakini inamhitaji mjuzi wa kuvisoma. Gitambi hapakuwa na kitabu. Jibu lilikaa kinywani mwa umupfumu, na kilichobaki kwa mtafiti ni maneno.

Maneno hayo yalihamishwa haraka. Wajerumani waliweka kambi Shangi mwaka 1898, nao walitumia Kiswahili katika utawala. Mwaka 1903 Wamisionari wa Afrika walianzisha misheni ya Mibirizi, nao waliwakataza waumini wao kuraguza. Muganga, kama mwarimu, husikika mara nyingi bila irabu ya mwanzo ambayo nomino za Kinyarwanda huwa nayo. Kwa hiyo naliona kuwa neno lililoingia kwa njia ya Kiswahili na kukaa upande wa zahanati. Umupfumu aliachiwa upande wa lawama.

Tanzania neno lilibaki pande zote mbili. Serikali ina Mganga Mkuu, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 inawatambua waganga wa jadi. Wakati huohuo kuna sheria ya uchawi iliyotungwa mwaka 1928, na Januari 2015 Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino. Walaji wa habari wa Dodoma hawapotei: muktadha huwaeleza ni mganga yupi.

Rusizi muktadha huo haupo. Ng'ambo ya mto, Bukavu, munganga vilevile ni daktari. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na ilipotangaza wagonjwa wake wa kwanza wa mpox Julai 2024, mpaka huu unaovukwa kila siku ulikuwa miongoni mwa sehemu za kuangaliwa. Tuseme bango lililotungwa Dar es Salaam linasema, "Ukiona vipele, usiende kwa mganga." Mama wa Kamembe anayelisoma ameambiwa asiende hospitali. Daktari, mhudumu wa afya na mpiga ramli ni maneno yasiyo na utata huo, na yote yamo tayari katika kamusi zetu. Gumu zaidi ni umuvuzi, mtu wa mitishamba asiyepiga ramli: kumwita mganga wa kienyeji ni kumrudisha palepale alipotolewa na Kinyarwanda, na Kiswahili sanifu bado hakijampa jina lake peke yake.