Baga za maharage na mboga: namna ya kuzipika nyumbani bila nyama wala yai

Msikilizaji, jina la baga limetoka mbali, kwenye mji wa Hamburg nchini Ujerumani. Kwa wengi wetu maana yake ni nyama ya ng'ombe iliyosagwa, ikakandwa kuwa duara bapa, ikakaangwa na kubanwa katikati ya mkate. Baga tunayoieleza hapa haina nyama, yai, maziwa wala siagi. Ni maharage, mboga, unga kidogo na viungo. Aliyewahi kutengeneza katlesi za viazi tayari anajua nusu ya kazi.

Wanaoihitaji ni wengi. Wapo wala mboga wasiogusa kitu chochote kitokacho kwa mnyama, wapo waumini walio katika Kwaresima, na yupo mzazi ambaye wiki hii nyama imemshinda bei huku watoto wamechoka kuona maharage yaleyale kwenye bakuli lilelile. Huyu wa mwisho ndiye tunayemfikiria zaidi.

Lakini kabla ya kuwasha moto, lipo jambo moja ambalo likikosewa chakula kinageuka kuwa ugonjwa.

Maharage hayafanyiwi kama kunde

Mpishi wa bagia huloweka kunde, hutoa maganda, husaga zikiwa mbichi na kuzitumbukiza kwenye mafuta ya moto. Bagia zinaiva na zinaliwa bila shida. Kwa hiyo ni rahisi mtu kudhani kwamba maharage nayo yakilowekwa na kusagwa yanaweza kwenda moja kwa moja kwenye kikaango. Hapana, usifanye hivyo.

Maharage mabichi, na hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini. Punje nne au tano tu zisizoiva zinatosha kumlaza mtu. Dalili huanza kati ya saa 1 na saa 3 baada ya kula: kichefuchefu, kutapika sana, kisha tumbo kuuma na kuharisha. Wengi hupata nafuu baada ya saa chache, ila mtoto mdogo anayetapika na kuharisha huishiwa maji haraka. Mpe maji yenye chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, na umpeleke kituo cha afya bila kungoja kesho.

Baga hukaa kwenye kikaango dakika chache tu. Nje inakuwa ya kahawia na harufu yake inavutia, lakini katikati hakuna joto la kutosha wala muda wa kutosha wa kuivisha haragwe bichi. Sumu hii huharibiwa na maji yanayochemka kwelikweli. Loweka maharage kwa saa 5 au zaidi, na usiku kucha ni bora zaidi. Yamwage maji hayo, weka mapya, kisha chemsha kwa moto mkali mpaka mapovu yapande. Dakika 10 za kuchemka namna hiyo huiharibu sumu, lakini wataalamu wa usalama wa chakula nchini Marekani hushauri zifike 30 ili kuwa na uhakika. Ukishavuka hapo unaweza kupunguza moto na kuyaacha yaendelee mpaka yalainike.

Moto hafifu tangu mwanzo una hatari yake. Maharage yaliyopashwa mpaka nyuzi 80 hivi bila kuchemka yanaweza kuwa na sumu kali kuliko hata yakiwa mabichi. Wanaotumia kile kikapu kilichojazwa nguo au nyasi kavu, ambacho chungu hufunikwa ndani yake kiendelee kuiva bila moto, walizingatie sana hili. Kikapu ni kizuri na kinaokoa kuni, ila maharage yaingie humo baada ya kuchemka kwa nguvu jikoni, si kabla.

Na wewe uliye nyanda za juu ongeza muda. Maji huchemka kwa joto dogo kadiri unavyopanda: karibu nyuzi 1 hupungua kwa kila mita 300. Huko Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94. Ndiyo maana maharage ya kilo ileile yanayoiva upesi Tanga mjini yanakula kuni nyingi zaidi Njombe.

Kuyalainisha bila kumaliza kuni

Haragwe la baga linatakiwa liive hadi lipondeke kati ya vidole viwili bila kubishana. Yaliyovunwa msimu huu huiva haraka. Yaliyokaa stoo mwaka mzima kwenye joto na unyevu huwa magumu, na mengine hayalainiki hata ukeshe nayo. Usitie nyanya, ndimu wala ukwaju kwenye chungu kabla hayajaiva, kwa kuwa uchachu huyafanya yakaze. Wengi hutia magadi. Ni kweli magadi huyalainisha, lakini hupoteza sehemu ya vitamini za kundi B. Kwa maoni yetu, kulowesha usiku kucha kunatosha, na magadi yabaki kwa yale maharage ya zamani tu.

Si lazima yawe maharage ya aina moja. Mekundu na ya njano yote yanafaa. Dodoma na Singida ambako kunde ndizo zinazostawi, pika baga za kunde. Lindi na Mtwara tumia mbaazi. Dengu na choroko pia zinakubali, ila choroko zina maji mengi zikiiva.

Vipimo

Kikombe 1 cha maharage makavu, karibu gramu 200, kitatoa vikombe viwili na nusu vya maharage yaliyoiva na baga nane za kushiba. Andaa karoti 1 kubwa iliyokwaruzwa, kitunguu maji 1 kilichokatwa vipande vidogo sana, nusu ya pilipili hoho, punje 3 za kitunguu saumu, konzi ya majani ya giligilani kama yapo, kijiko 1 cha chai cha chumvi, na nusu kijiko cha bizari nyembamba au pilipili manga. Cha kushikanisha ni kiazi mviringo kimoja kilichochemshwa na kupondwa, pamoja na unga nusu kikombe. Unga wa ngano, mahindi au mtama wote unafaa, na mkate mkavu uliosagwa unafaa kuliko unga.

Mchicha au kabichi vinaweza kuchukua nafasi ya karoti, ila mchicha uchovye kwanza kwenye maji ya moto kisha uukamue kwa nguvu.

Kwa nini baga huvunjika

Mara yangu ya kwanza kupika baga hizi nililetea familia rojo. Nilikuwa nimeyatoa maharage kwenye chungu yakiwa bado yanachuruzika, nikayaponda, nikatia karoti mbichi na nyanya. Kwenye kikaango yakatawanyika, tukayala na ugali kama mboga ya kawaida. Nilidhani kilichokosekana ni yai. Kumbe kilichozidi ni maji.

Kwa hiyo fanya hivi. Chuja maharage, na ule mchuzi wake usiumwage kwa kuwa ni mboga ya jioni. Yatandaze kwenye sinia au ungo safi, uyafunike kwa kitambaa chepesi, yakae nusu saa hivi mpaka ngozi zake zikauke. Karoti inyunyizie ile chumvi ya kwenye vipimo, isubiri dakika 10, kisha ikamue kwa mkono. Utashangaa maji yatakayotoka. Kitunguu maji, hoho na kitunguu saumu vikaange kidogo kwanza. Vikiwa vibichi vitatoa maji ndani ya baga, na baga itapasuka.

Ponda maharage kwa mchi, mwiko au uma. Yasiwe laini kama uji wa mtoto: robo yake yabaki vipande vipande, kwani yakisagika yote baga inakuwa kama udongo mdomoni. Changanya na mboga, viungo na kiazi, kisha tia unga kidogo kidogo. Finyanga tonge moja kwa mkono. Likishika bila kunata kwenye vidole, acha kutia unga. Likipasuka pembeni ni kavu, rudishia kijiko cha mchuzi wa maharage. Likinata ongeza unga, lakini usipitilize, maana unga ukizidi unakuwa umepika andazi lenye maharage.

Mchanganyiko ukae dakika 20 mahali penye baridi ili unga unywe maji. Watu wengi huruka hatua hii kwa haraka ya njaa, na ndiyo inayozuia baga isisambaratike. Kisha lowesha viganja na ufinyange maduara yenye upana wa mdomo wa kikombe cha chai na unene wa kidole gumba. Ukubwa ukizidi hapo nje itaungua kabla ndani haijapata moto.

Kukaanga

Kikaango cha chapati kinatosha, na mafuta vijiko viwili au vitatu vya chakula. Mafuta yapate moto kwanza. Ukitupia chembe ya unga ichemke mara moja. Weka baga tatu au nne, si zaidi, halafu uziache. Usizisukume, usizibonyeze. Baada ya dakika 4 au 5 upande wa chini unakuwa umefanya gamba la kahawia na baga inaachia kikaango yenyewe. Geuza mara moja tu. Ikigoma kuachia, haijawa tayari. Moto wa makaa ukiwa mkali sana, panua makaa pembeni.

Za kula na nini

Mkate wa dukani mara nyingi una maziwa au siagi, kwa hiyo asiyekula vitu vya mnyama aulize kabla ya kununua. Chapati ya unga, maji, chumvi na mafuta haina tatizo hilo, na baga iliyokunjwa ndani ya chapati ni tamu kuliko ile ya kwenye mkate mlaini usio na ladha. Mahali pa mayonezi weka parachichi lililopondwa kwa ndimu na chumvi. Juu yake weka kachumbari.

Hiyo kachumbari si pambo. Maharage yana madini ya chuma, ambayo mwili unayahitaji kutengeneza damu, lakini chuma cha kwenye mimea hakinyonywi kirahasi kama cha nyama. Vitamini C husaidia kinyonywe, nayo inapatikana kwenye nyanya mbichi, ndimu, hoho, chungwa na pera. Chai ya rangi na kahawa hufanya kinyume. Kama nyumbani kuna mjamzito au msichana mwenye damu pungufu, chai isogezwe angalau saa moja baada ya chakula. Na vidonge alivyopewa kliniki aendelee kuvinywa, baga haichukui nafasi yake.

Kwa upande wa protini, gramu 100 za maharage makavu zina gramu 20 hivi au zaidi kidogo, na zikiliwa pamoja na nafaka kama ngano au mahindi mwili unapata mchanganyiko kamili. Kitu kimoja hakimo kabisa kwenye maharage wala mboga: vitamini B12. Anayekula baga leo na samaki, maziwa au mayai kesho hana haja ya kuhangaika. Aliyeacha vyote hivyo moja kwa moja anahitaji kuipata kwa vidonge au vyakula vilivyoongezewa, na azungumze na mhudumu wa afya, hasa akiwa mjamzito au ananyonyesha.

Pale pasipo na friji

Maharage yaliyoiva huchacha haraka kwenye joto, na yakishachanganywa na kitunguu na viazi huchacha haraka zaidi. Chemsha maharage asubuhi, yaache kwenye mchuzi wake, na jioni yachemshe tena kabla ya kuyachuja. Ponda na kufinyanga saa ileile unayotaka kula. Mchanganyiko mbichi usilale. Baga zilizokaangwa usiziache mezani zaidi ya saa mbili, na za kumfungia mtoto shuleni zikaangwe asubuhi hiyo, zipoe vizuri kabla ya kufunikwa, maana zikifunikwa za moto hutoa jasho na kulowana. Mwenye friji anaweza kuziweka siku 3, akizipasha upya mpaka katikati ziwe za moto.