Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Washauri wa Nje na Chuo Kikuu cha Nairobi

Utangulizi

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Historia ya elimu ya juu katika Afrika ya Mashariki yaweza kuelezwa kwa methali hiyo, kwani tangu mwanzo vyuo vyetu vimeongozwa kwa ripoti za wageni. Makala haya yanakusudia kutazama jinsi ushauri huo ulivyoathiri nafasi ya lugha katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, na kuuliza ni kipimo gani kinachofaa kuupima. Mwandishi anakitazama chuo akiwa Kariobangi, mtaa wa Eastlands ulio kilomita chache tu kutoka huko, ambako mafundi hutengeneza mashine za kusaga na vipuri vya magari, na ambako Kiswahili cha kila namna husikika tangu alfajiri. Kwa mkazi wa huko swali ni moja: mgeni ajapo kutushauri, hupona nani?

Enzi ya London

Mwaka 1937 tume ya De La Warr ilikuja kuchunguza elimu ya juu, hasa Makerere. Mwaka 1943 Serikali ya Uingereza iliunda tume nyingine, chini ya Cyril Asquith, kuhusu elimu ya juu katika makoloni yake yote. Ripoti yake ilitolewa mwaka 1945. Kwa utaratibu uliotokana nayo, vyuo vya makoloni vilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London, nacho ndicho kilichotoa shahada.

Nairobi ilianza kwa njia tofauti kidogo. Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilipewa hati mwaka 1951, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956. Mwaka 1958 kamati ya John Lockwood, mkuu wa Chuo cha Birkbeck huko London, ilishauri kiinuliwe kiwe chuo kikuu kishiriki. Mwaka 1961 neno "ufundi" likaondoka katika jina lake, na wanafunzi wakaanza kutayarishwa kwa shahada za London. Mwaka 1963 kikaungana na Makerere na Dar es Salaam katika Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, hata kikajitegemea mwaka 1970.

Tusiwe wachoyo wa shukrani. Utaratibu huo ulitupa shahada zilizoheshimiwa kila mahali. Lakini kipimo kilikuja pamoja na kitovu chake. Fasihi ilifundishwa katika idara ya Kiingereza, nayo fasihi ya Uingereza ndiyo iliyokuwa mzizi. Tarehe 24 Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka idara hiyo ifutwe. Hawakutaka kuzifukuza fasihi za nje. Walitaka Afrika iwe kitovu, na mengine yatazamwe kwa uhusiano wake nayo. Walipendekeza pia Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha za lazima. Ushauri huo, ambao hatimaye ulileta Idara ya Fasihi, haukutoka kwa mtaalamu aliyelipiwa nauli. Ulitoka kwa watu waliokuwa wakifanya kazi mumo humo chuoni.

Ominde na Mackay

Msomaji aweza kukata shauri hapa kwamba mgeni alibomoa na mwenyeji akajenga. Historia haikubaliani naye.

Tume ya elimu ya mwaka 1964 iliongozwa na Mkenya, Simeon Ominde, mwanajiografia. Tume hiyo ndiyo iliyounga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ilipendekeza Kiswahili kifundishwe katika shule za msingi, lakini kwa miaka mingi baadaye somo hilo halikutahiniwa mwishoni mwa shule ya msingi. Na kila mwalimu ajua hali ya somo lisilotahiniwa. Kwa upande mwingine, kamati iliyoteuliwa na Rais kuhusu chuo kikuu cha pili, iliyotoa ripoti yake mwaka 1981, iliongozwa na Colin Mackay, Mkanada aliyewahi kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha New Brunswick. Kutokana nayo tulipata Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1984 na mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Na katika mfumo huo Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani katika shule za msingi na za sekondari. Wengi wetu tunaofundisha Kiswahili vyuoni leo tu matunda ya uamuzi huo.

Basi pasipoti ya mshauri si kipimo. Ominde na wenzake walikabiliwa na nchi changa iliyohitaji haraka watu wa kushika nafasi za waliokuwa wakiondoka, na Kiingereza kikaonekana njia ya mkato. Kamati ya Mackay ilikuta nchi yenye vijana wengi ambao hawangefika chuo kikuu kamwe. Maswali yalitofautiana, na majibu yakafuata maswali.

Jina Lililotoka Juani

Mfano wa tatu unaturudisha Kariobangi. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ulioongozwa na Hans Singer na Richard Jolly wa Chuo Kikuu cha Sussex, ulitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya. Ujumbe huo ulifaidi utafiti wa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Ripoti ilieneza duniani dhana ya "sekta isiyo rasmi", nayo iliwatetea mafundi wadogo dhidi ya kubughudhiwa. Hata hivyo, wenyewe walijiita kwa jina jingine: jua kali. Jina la kwanza lataja wanachokosa. La pili lataja mahali wanapofanyia kazi. Mwaka 1992 waraka wa Serikali kuhusu biashara ndogo ulichukua jina hilo la pili katika kichwa chake. Istilahi ilisafiri kutoka juani hadi ofisini, bila kamati yoyote ya istilahi.

Hitimisho

Vyuo vikuu vingi ulimwenguni sasa vina mabaraza ya washauri wa kimataifa, na vyetu vinavutwa kufuata. Hatuna sababu ya kuwafungia mlango. Lakini yafaa swali litungwe na wenyeji kabla mgeni hajapanda ndege, na ripoti yake ipatikane kwa Kiswahili ili wazazi wanaolipa karo waweza kuisoma na kuijibu.

Onyo hili latuhusu sisi pia tuliosomea shahada zetu ng'ambo. Turudipo mitaani na madaftari yetu kuchunguza usemi wa vijana, sheng ikiwamo, sisi nasi huwa wageni. Mafundi wa Kariobangi wana haki ya kutuuliza lile lile tunalowauliza washauri: umekuja na swali la nani?